Yule wa Tisa Hana Barabara

Jana niliota, tena mchana kweupe, tumbo likiwa limejaa wali na maharage. Msinicheke. Nilikuwa nimemdanganya mtu asubuhi ile.

Mimi ni Exaveri, fundi wa kompyuta katika hospitali yetu ndogo huku milimani. Leo Jumatatu dozi zote za wodi ya watoto zilikuwa zihame kutoka kwenye daftari kubwa la Sista Oliva Mgaya, muuguzi mkuu, zianze kusomwa kwenye kompyuta mpya, ambamo tulikwisha kuzinakili kwa majaribio. Mimi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia kompyuta hiyo ina memori inayojisahihisha: namba ikiharibika humo ndani, inagundua yenyewe na kuirudisha ilivyokuwa.

"Umehakikisha?" aliniuliza jana asubuhi tulipotoka kanisani.

"Nimehakikisha, mama."

Nilichohakikisha ni hiki: Alhamisi nilichomeka memori hiyo kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu, nikabonyeza swichi, ikalia pii moja, ikawaka. Kitabu cha mazabodi, kile kinachoeleza inafanya kazi na memori ya aina gani, sikukifungua hata ukurasa mmoja. Mafundi wengi ndivyo tulivyo. Kitu kikiwaka, tunashusha mikono ya shati tunakwenda kunywa chai.

Basi nikalala, nikajikuta nimesimama juu ya mazabodi nikiwa na viatu.

"Vua viatu, nimepiga deki," sauti inasema kutoka chini. Ni mazabodi mwenyewe. Ni wa kijani, mpana, mwenye sauti ya mama aliyezoea wageni. "Karibu sana. Umekula?"

Nasema nimekula. Nimevua viatu, nimevishika mkononi. Mbele yangu kuna benchi, na juu ya benchi wameketi chipu tisa, vile vipande vya ile memori vinavyotunza namba, wamevaa magauni meusi. Wanane wameshika karatasi. Wa tisa hajashika kitu.

"Shikamoo," namwambia huyo wa tisa.

"Marahaba. Sogea kidogo, unaniziba."

"Wenzako wana kazi. Wewe unafanya nini hapa?"

"Wenzangu wanabeba namba. Mimi nakumbuka ilitakiwa iweje. Kosa likiwa moja, nasema liko kwa nani na alitakiwa kubeba nini. Makosa yakiwa mawili kwa pamoja, siwezi kuyarekebisha, lakini nasema yapo, watu wasimamishe kazi."

"Na ukikosea wewe?"

"Hesabu inanitaja na mimi. Kwani mimi ni nani?"

Nilimpenda papo hapo. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo, na sijamsikia hata mmoja akijibu hivyo bila kwanza kusafisha koo.

Mlango unafunguliwa. Anaingia chembe kutoka angani, mmoja wa wale wanaopenya kuta na kuharibu namba za kompyuta, mdogo kuliko mbegu ya mchicha, kofia ameishika mkononi.

"Samahanini, napita tu," anasema. "Nimetoka mbali."

"Karibu, baba," anasema mazabodi. "Umekula?"

Chembe anapita katikati ya benchi, anamgusa bega chipu wa tatu, anaaga vizuri, anatokea upande wa pili. Chipu wa tatu anaangalia karatasi yake. Palipokuwa na sifuri pana moja. Kompyuta huandika kila namba kwa sifuri na moja tupu; kwa badiliko hilo dogo tu, namba waliyokuwa wameibeba wote kwa pamoja, mbili, imekuwa sita. Hakuna anayepiga kelele. Chipu wa tatu anakunja karatasi na kuendelea kuishika.

Yule wa tisa anasimama. "Wa tatu," anasema, bila hasira. "Ilikuwa mbili."

Mwisho wa chumba, dirishani, yuko Prosesa, mkubwa wao anayepokea namba zote, anagonga mihuri. Hainui kichwa. Anagonga muhuri juu ya sita.

"Mbona hajakusikia?"

"Hesabu barabara zinazokwenda dirishani kwake."

Kutoka kwenye benchi hadi dirishani kumetandazwa barabara nyembamba za shaba. Napiga magoti nahesabu kwa kidole. Inanichukua mwaka mzima, na katika huo mwaka nimeoa.

"Sitini na nne," namwambia.

"Hizo ni za wenzangu wanane, kila mmoja nane. Zangu zilitakiwa ziwe nane pia, jumla sabini na mbili. Angalia zangu."

Zake zimechorwa kwa chaki. Zinatoka miguuni pake, zinakwenda hatua mbili, zinaishia ukutani.

Nageuka kwa mazabodi, nimeshikwa na hasira. "Mama, umempaje mtu kiti usimpe barabara?"

"Baba, mimi simfukuzi mgeni," anajibu, na kweli haoni kosa lake. "Alikuja nikampa kiti, nikampa umeme. Habari za barabara hukuniuliza. Ulinisikia nimesema pii ukaondoka."

Namuuliza yule wa tisa ni tangu lini anausemesha ukuta.

"Tangu Alhamisi uliponichomeka."

"Kila namba?"

"Kila namba. Nikiruka moja nitakuwa sijui tena kitu."

Nakiri nilimheshimu yule kiumbe kuliko ninavyojiheshimu mwenyewe.

Nataka kumwambia hivyo, lakini benchi limekuwa kitanda na dirisha la Prosesa limekuwa toroli la dawa. Tuko wodi ya watoto. Pale kwetu kuna desturi aliyoianzisha Sista Oliva: muuguzi mmoja anasoma dozi kwa sauti, mwenzake anaitikia kwa kuirudia, ndipo bomba la sindano linavutwa. Kitandani amelala Desideria, wa miezi minane, amevaa sweta la bluu.

"Mililita sita," anasoma wa kwanza kutoka kwenye kioo cha kompyuta.

"Mililita sita," anaitikia wa pili.

Wote wawili wamesoma sawasawa. Napiga kelele: mbili! Kinywani inatoka pii.

"Fundi anasema iko salama," wanaambiana, na bomba linavutwa.

Pembeni yangu yule wa tisa ameugeukia ukuta wa wodi. "Mbili," anasema. "Mbili. Mbili."

Nikaamka. Ilikuwa saa kumi jioni, shati limelowa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kompyuta, nikafungua kile kitabu. Kilikuwa kimeandika bila kuficha: memori ya aina hii itapokelewa, ila itafanya kazi kama memori ya kawaida. Nikaiandikia mashine amri ya kuuliza upana wa njia zake. Upana wa data, sitini na nne. Upana wote, sitini na nne, badala ya sabini na mbili.

Nilimkuta Sista Oliva ofisini kwake wodini, daftari limefunguliwa upande mmoja, kioo cha kompyuta upande wa pili.

"Mama," nilisema, "nilikudanganya. Sikuhakikisha. Memori yenyewe inajisahihisha, ila mazabodi haiisikilizi. Kesho tusihame."

Hakuinua kichwa. Rula yake ilikuwa imelala chini ya mstari mmoja.

"Desideria," alisema. "Daftarini mbili. Orodha tuliyochapa Ijumaa kutoka kwenye mashine yako, mbili. Leo kwenye kioo, sita. Nimeuliza zamu zote, hakuna aliyeigusa."

Niligeuka kuelekea mlango wa wodini.

"Hajapewa," akasema. "Tunampa kwa daftari."

"Umeionaje, mama? Humo mna mistari zaidi ya mia nne."

"Mia nne na kumi na mbili. Naisoma yote kila siku tangu ulipoileta mashine."

"Lakini nilikwambia inajisahihisha yenyewe."

"Uliniambia, mwanangu," alisema, akasogeza rula kwenye mstari unaofuata.

Nikavuta kiti nikakaa kando yake. Akasoma, nikaitikia.