Mahema Matupu ya Buganguzi

Jeshi liliondoka Buganguzi Jumanne likaacha mahema yamesimama. Alhamisi ndege ya adui ikaja kuyapiga.

Mahema hayo yalipakana na kibanja changu, migomba na mikahawa niliyoachiwa na baba. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Chama kilisema tuwapokee wapiganaji wa nchi jirani, tukawapokea. Maofisa walitoka nchi tatu, na wetu wakiwemo, wote chini ya makao makuu mamoja mjini Bukoba. Nilidhani bunduki nyingi ni ulinzi mwingi.

Mkuu wa kambi, Mutembei, alitoka Ankole, ng'ambo ya mpaka. Lugha yake na Kihaya chetu zinasikilizana, na kwao wanaujua omukago, undugu wa damu. Tukaufanya. Tulichanjana karibu na kitovu, tukagawana buni moja, kila mmoja akala upande wenye damu ya mwenzake. Akaapa kwamba wakiambiwa wahame ataniambia kwanza, nimpeleke mke wangu Ephrasia kwao Rubya. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

Kaka zake walikuja kumchukua mapema. Nikakataa.

"Mutembei ataniambia."

"Umekula buni na Mutembei," Ephrasia akasema, akimenya ndizi. "Wakubwa wake nao uliwalisha?"

"Damu ni damu."

"Haya. Nitakuzalia mtoto mwenye baba wawili, mmoja ana bunduki."

Kaka zake wakacheka, wakaondoka bila yeye.

Jumanne kambi ilikuwa kimya. Nguo zilikuwa bado zimeanikwa kwenye kamba. Nikawaambia majirani kwamba wanajeshi wameenda mazoezini. Alhamisi, saa tatu asubuhi, nilikuwa kisimani niliposikia ndege.

Baada ya wiki tatu nilimkuta Mutembei Bukoba, langoni mwa makao makuu.

"Munywani wangu," akasema. Ndivyo waliokula omukago wanavyoitana.

"Mahema mliyaacha kwa nini?"

"Amri. Ndege ione bado tupo, sisi tufike mpakani salama."

"Na sisi?"

"Nilisema kuna watu pale. Maofisa wa nchi zote walikaa, wakaamua. Hata wa kwenu aliweka sahihi."

"Na wewe walikushona mdomo?"

"Niliapa kwao pia, kutunza siri."

"Ulianza kuapa kwao au kwangu?"

Mlinzi akaniambia nisogee, naziba njia.

Alikufa Ephrasia. Alikufa mtoto tumboni mwake. Alikufa jirani yangu Byabato, aliyekuwa anachuma kahawa. Katika nyumba zangu kumi zilibaki sita, na yangu haimo. Iliungua migomba sitini na mikahawa kumi na minne. Mahema yaliungua yote kumi na mawili. Mwanajeshi hakufa hata mmoja.