Zuzu wa Kina Quintero

Kijijini kwetu, kwenye milima ya Valle del Cauca, mtoto hupewa majina mawili ya ukoo: la baba kwanza, la mama nyuma. La nyuma hupotea kizazi kinachofuata. Kwa hiyo mwanangu Yeiner alipofika miaka mitano bila kuunganisha maneno mawili, watu walisema ni zuzu wa kina Quintero, ukoo wa mume wangu. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni baba yangu, don Evelio.

Tulimpima Yeiner damu mjini Cali. Daktari alinieleza kwamba ipo jeni inayohitajiwa na ubongo, na mwanzoni mwake kuna herufi tatu zinazojirudia. Kwa watu wengi hujirudia mara thelathini hivi. Kwa Yeiner zimepita mia mbili, na zikizidi hivyo mwili huizima jeni yote. Mvulana huirithi jeni hiyo kwa mama peke yake. Kina Quintero hawakuhusika. Ilitoka kwangu.

Niliyasema hayo nyumbani wakati wa chakula. Mdogo wangu Dayra, aliyekuwa aolewe Desemba na kutaka watoto mara moja, aliweka kijiko chini. Kama ilitoka kwa marehemu mama, huenda yeye amenusurika, kwa kuwa mama ana nakala mbili za jeni hiyo na humpa mtoto moja tu. Kama ilitoka kwa Baba, hakuna binti yake aliyenusurika, kwa kuwa mwanamume ana moja tu na kila binti huipata. Baba akamkataza kupimwa, nami nikamwambia Baba aanze yeye mwenyewe.

“Mimi? Nani hapa ananishinda domino?”

“Hakuna. Ila mikono yako inamwaga kahawa, Baba.”

“Hiyo ni pombe.”

“Pombe uliacha mama alipofariki.”

Mume wangu Wilmar, aliyevumilia masimango miaka yote hiyo, alisema bila kuinua macho kwenye supu, “Mzee, sindano yenyewe ni kama mbu tu. Au unaogopa mbu?”

Baba alicheka bila kupenda. Wiki hiyohiyo nikampeleka Cali.

Majibu yalionyesha kwamba herufi zake zimezidi, ila hazijafikia kiwango cha kuizima jeni. Ndiyo maana akili yake ni kali, na mikono imeanza kutetemeka uzeeni. Zikipita kwa mwanamke kwenda kwa mtoto ndipo huongezeka sana. Baba hakunituma nimsemee. Alimfuata Dayra jikoni mwenyewe.

“Umerithi kwangu, binti. Hilo halina shaka tena. Wilmar nitamwomba radhi leo.”

Dayra aliniuliza kama kila mtoto wake atakuwa kama Yeiner. Nikamwambia hapana: kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuikosa kasoro hiyo kabisa, na watakaoirithi hawatafanana. Alivua aproni, akaenda kwa mchumba wake, Fabián, kabla hajazisikia habari dukani.

Alirudi jioni, macho mekundu.

“Amesemaje?” nikamuuliza.

“Ameuliza daktari anapatikana siku gani.”

Nikampa namba ya simu. Harusi haikuahirishwa. Kuhusu kupata watoto, walikubaliana wasubiri mpaka wamwone daktari.