Mstari Uliofichwa

Barua pepe ya Marselinus ilikuwa ya kushukuru tu, lakini Wening alipoimaliza aliirudia tangu mwanzo.

Kazi yake jijini Surabaya ilikuwa kuandika mwongozo wa mtandaoni wa programu ya kukokotoa dozi za watoto. Mafundi wa kompyuta wa hospitali waliusoma, wakanakili mifano ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wakaiweka kwenye mitambo yao. Kila asubuhi mashine ya majaribio ya ofisini kwake iliendesha mifano yote, na uliofaulu uliwekewa alama ya kijani. Mwezi mzima hapakuwa na hata mmoja ulioanguka, na watu wa idara yake walikuwa wakitembea vifua mbele.

Sasa huyu Marselinus, fundi wa zahanati moja kwenye kisiwa cha Flores, anasema amenakili mfano wa ukurasa wa tisa kama ulivyo na ameuwasha leo alfajiri. Anashukuru mno. Mfano ni mfupi, unaeleweka.

Mfupi! Wening ndiye aliyeufupisha Jumatatu. Pale kazini mistari ya maandalizi, ile ya kuchosha macho, hufichwa. Msomaji haioni, ila mashine ya majaribio inaisoma. Katika mistari saba alibakiza mitatu, na mkubwa wake, Bwana Darsono, au Pak Darsono kama wanavyomwita, akamsifu mbele ya wenzake. Lakini katika ile minne aliyoificha, si mmoja ulikuwa ukigawa dozi ya siku mara nne?

Alifungua faili tupu, akanakili kile tu ambacho msomaji anakiona. Mtoto wa kilo nane. Jibu likaja: miligramu 480. Akaurudisha mstari uliofichwa: 120. Alirudia mara tatu, na jibu halikubadilika. Mtoto angenyweshwa dawa ya siku nzima kwa mkupuo mmoja, kisha baada ya saa sita anyweshwe tena.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano. Dozi ya mchana hutolewa saa sita, akajipa moyo. Halafu akakumbuka kwamba Flores wako mbele kwa saa moja: zilibaki dakika tano.

Pak Darsono alisema wamuulize mkurugenzi kwanza, mambo kama haya yana taratibu zake. Wening alikuwa ameshaipiga simu ya Marselinus, namba iliyokuwa kwenye barua. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku akimwomba Mungu kwa sauti bila haya, ofisi nzima ikimtazama.

“Pak Marsel, ni Wening wa mwongozo. Ule mfano una kasoro. Mtoto yeyote asipewe dawa.”

“Lakini Ibu,” Marsel alijibu kwa heshima, kama anayemwita mama, “una alama ya kijani.”

“Achana na kijani. Nenda wodini. Kimbia!”

Simu ilibaki wazi. Zikasikika kandambili, mlango, kisha sauti ya mwanamke anayegomba. Wening alihesabu pumzi zake, akapotea hesabu, akaanza upya.

Marsel aliporudi alikuwa akihema. Muuguzi wao, Mama Yustina, alfajiri alikuwa ameikataa ile dozi. Alisema miaka ishirini hajampa mtoto dawa nyingi kiasi hicho, akapima mwenyewe kama alivyozoea. Marsel akamfuata na ule ukurasa, akamwonyesha alama ya kijani, akambishia asubuhi nzima mpaka mama wa watu akachoka. Dawa ya mchana alishaivuta kwenye bomba la kunyweshea.

“Nimekuta bomba liko mdomoni mwa mtoto,” alisema Marsel. “Mimi ndiye niliyemlazimisha, Ibu.”

“Amemeza?”

“Hajameza.”

Wening alilia mpaka kamasi zikamtoka. Pak Darsono alimletea chai, akamwambia ashukuru, yamekwisha. Chai hakuigusa. Aliufuta mfano mtandaoni, ndipo akaiona hesabu ya kitufe cha kunakili pembeni ya ukurasa. Tangu Jumatatu kilikuwa kimebonyezwa mara kumi na tisa.

“Pak, mmoja ni Marsel,” alisema. “Hawa kumi na wanane ni akina nani?”

Kitufe hakimuulizi mtu jina. Pak Darsono akavuta simu ya mezani, akauliza waanze kumpigia nani.