Mishipa Iliyozibwa Nyufa

Kwa miaka sita mtafiti yule aliamini jambo moja. Mishipa ya damu ndani ya uvimbe wa saratani ni ya hovyo, imejaa nyufa, na chembe za dawa alizozitengeneza, ndogo mno hata mamia yake yangejipanga kwenye unene wa unywele mmoja, zingepenya humo humo. Nyufa zikizidi, dawa nayo huzidi kuingia. Alilisema hilo mara nyingi hivi kwamba mdogo wake, fundi cherehani asiyejua chochote cha maabara, alikuwa amelikariri.

Asubuhi moja alifungua picha za hadubini za uvimbe wa panya wake wa majaribio, akaduwaa. Chembe zilikuwa zimetiwa rangi ya kijani inayong'aa. Panya wenye mishipa inayovuja, uvimbe wao ulikuwa giza tupu katikati. Wale aliowapa kwanza dawa ya kuziba nyufa, ambao kwa hesabu zake wangeambulia patupu, waling'aa mpaka kiini.

Akafunga kompyuta. Akaifungua tena. Kijani kilikuwa pale pale.

Alimwendea mtunza wanyama, mtu mzima ambaye jengo zima lilimwita Baba Panya.

"Baba, vile vizimba vya Jumatatu, hukuvichanganya kweli?"

"Mimi?"

"Nauliza tu."

"Huulizi, mwanangu. Umeshanihukumu." Akavua glavu, akatoka kwenda kunywa chai, na saa ya chai ilikuwa bado.

Jaribio likarudiwa. Safari hii jirani yake wa maabara ndiye aliyewapa panya alama na kuifungia orodha yake kwenye droo, ili mtafiti mwenyewe asijue panya yupi ni yupi. Wiki tatu baadaye, picha zilipokamilika, droo ikafunguliwa.

Yale yale.

Alikaa akizitazama, moyo ukienda huku na huku. Dawa ilikuwa imefika, jambo aliloliota miaka yote; lakini imefika kwa njia aliyoapa haipo. Labda mishipa inayovuja hupoteza nguvu ya kusukuma damu, kama bomba lililotoboka. Labda. Mbona basi chembe kubwa zaidi, alizowapa panya wachache kando, zilikwama katika makundi yote mawili?

Mdogo wake alipopiga simu, akamsimulia.

"Kwa hiyo umekosea au umepatia?"

"Sijui. Nadhani vyote viwili."

"Dada, hilo nalo ni jibu?"

Alishuka chini kwa Baba Panya. "Nilikukosea," akasema. "Vizimba vilikuwa sawa. Mimi ndiye sikuwa sawa."

Mzee aliendelea kumwaga nyasi kavu kwenye kizimba, kisha akasema, "Yameisha. Ila siku nyingine uliza kama mtu anayeuliza." Akachukua kalamu na daftari la maagizo. "Haya, unataka panya wangapi?"

"Ishirini. Hapana, arobaini, tupime na zile chembe kubwa. Au tuanze na..." Akashika kichwa. "Ngoja kwanza, Baba."

Baba Panya akangoja, kalamu juu ya karatasi.