Moyo wa Rais Wapita Ubaruku

Apolonia alikuwa anapepeta chenga kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, pale Ubaruku, bodaboda ilipofunga breki mlangoni na moyo wa Rais ukashuka. Ulikuwa na ukubwa wa papai, umevishwa skafu ya bendera kwa ajili ya baridi ya Mafinga. Dereva alikuwa ameupakia ndani ya helmeti, maana kwenye siti ulikuwa unateleza.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Apolonia, akakipangusa kigoda pumba.

Moyo ulikuwa na desturi hiyo kila Ijumaa. Ulimwacha Rais mwenyewe ofisini akisaini karatasi, ukapanda basi kwenda kumjulia hali Rais wa nchi rafiki, ng'ambo ya mpaka. Wawili hao walisoma pamoja ujanani, na Rais wetu alipolazwa na malaria, mwenzake ndiye aliyemkorogea uji. Njiani moyo ulipumzika kwa Apolonia, kwa kuwa mashine yake ilidunda sawasawa na wenyewe. Wateja waliuamkia shikamoo, wakarudi kugombea foleni.

Ijumaa hiyo Apolonia alikuwa na lake. Nchi rafiki ilikuwa imeufungia mpaka mchele wa kwetu, huku wa kwao ukilipa ushuru tu na kuingia kwetu bila hata kubisha hodi. Mavuno yake yote ya msimu yalikuwa mpakani ndani ya lori, chini ya turubai bovu, na mumewe Zabron akilala juu ya magunia. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Alikuwa na hofu, wala hakuificha.

"Mheshimiwa, mwambie rafiki yako atufungulie. Mvua ikishuka, mimi nimekwisha."

"Mama, yule alinipa uji," ulisema moyo. "Nitaanzaje? Wema hauozi."

"Mchele unaoza."

Moyo uliona haya, ukadunda polepole.

Kubishana na mgeni si adabu, na kumwacha aondoke mikono mitupu ni aibu, hata kama mgeni mwenyewe hana mikono. Apolonia alijaza kiroba cha mchele mpya, ule ambao ukiiva jirani anakumbuka kuja kuazima chumvi, akakifunga mgongoni mwa moyo kwa kitenge. Yule rafiki akiuonja tu, alijisemea, atafungua mpaka mwenyewe.

Jumatatu Zabron alipiga simu.

"Mama Eveline, mchele wako umesifiwa redioni! Rafiki kaula wote, kaomba mwingine."

"Na mpaka?"

"Mpaka bado. Ila Rais wetu kafurahi rafiki alivyoipokea zawadi, kawasamehe ushuru wa mchele wao mwaka mzima."

Hasira zilimpanda Apolonia hadi utosini. Halafu akacheka, akacheka mpaka akaizima mashine ili acheke vizuri.

Ijumaa iliyofuata moyo ulikuta wakulima wa Ubaruku wamejipanga, kila mmoja na kikombe chake cha mchele. Walijaza kiroba, wakakifunga imara, wakamsindikiza mgeni hadi barabarani kwa vigelegele. Huo ndio mchele pekee wa Ubaruku uliovuka mpaka msimu huo.

Mvua ilikuwa inanyesha pale geti la mpakani. Askari wa nchi rafiki waliupigia moyo saluti, wakainua kizuizi, ukapita, wakakishusha. Zabron alikuwa juu ya lori, amekalia magunia yaliyoshika ukungu. Moyo ulimsalimia kwa jina.