Mtoto Asiyeitwa Ushindi

Vita vya Kongo vilimpa Théodore nishani moja na kivuli kimoja. Nishani ilikuwa ya ushujaa: alishika daraja peke yake hadi wenzake wote wakavuka. Kivuli kilikuwa cha kijana aliyemuua hapo darajani, nacho kilimfuata mpaka Johannesburg. Mchana kweupe, akilinda mlango wa duka la vitambaa kule Fordsburg, humwona kijana yule ng'ambo ya barabara, kwenye robot, zile taa za kuongozea magari. Taa ikibadilika watu wote huvuka, yeye havuki.

Hayo hakumwambia mtu. Mkewe, Benita, alijua tu kwamba bwana wake hapendi kuupa mlango mgongo.

Mwaka 2004 Benita akajifungua mtoto wa kiume. Kwao mtoto hupewa jina la jambo lililoiinua nyumba, au la marehemu ambaye ukoo hautaki apotee. Mama yake Benita, Mama Célestine, hakuuliza mtu. Aliwatangazia waumini wa kanisa lao la Kikongo, Turffontein, kuwa mjukuu ataitwa Ushindi. Jumapili ya kumtoa mtoto kanisani akambandika nishani ya baba kwenye shali. Vigelegele vikapigwa, watu wakamtania Théodore kwamba simba amezaa simba, ila huyu bado ananyonya.

Théodore aliitazama nishani ikipanda na kushuka kwa pumzi za mtoto. Akinyamaza, basi kila asubuhi ataita ushindi nyumbani mwake, na maiti anasikia.

Mchungaji akauliza jina.

"Byamungu," akasema Théodore.

Mama Célestine akamsemesha taratibu, kama mgonjwa. "Mukwe wangu, kwetu hakuna Byamungu. Kwenu pia sijamusikia. Ni marehemu wa nani huyo?"

"Ni wangu, mama. Nilimupiga risasi pale kwenye daraja. Alikawia kufa. Akanitajia jina lake, akaniomba nilifikishe kwao. Sikumuuliza kwao ni wapi."

Mama Célestine akaichomoa nishani, akaishika kiganjani asijue pa kuiweka. Akamwambia binti yake ambebe mtoto watoke. Benita hakuinuka.

"Alikulaani?" akamuuliza mumewe.

"Hapana. Alinishukuru kwa kumusikiliza."

Benita akamgeukia mchungaji. "Muandike hivyo hivyo, Pasta," akasema.

Likaandikwa. Lakini tangu siku ile Benita alimlaza Byamungu upande wa ukutani, yeye mwenyewe akalala katikati, baina ya mtoto na baba.