Stajoni Wachanga wa Al Rayyan

Nyaboke alikuwa akinywa karaki, ile chai ya maziwa na iliki, mezani pake katika ofisi moja ya West Bay, Doha, samaki walipotoweka kwenye skrini. Walikuwa stajoni wachanga, wale samaki wa mayai ya bei ghali, waliozaliwa juu kabisa ya mto mkubwa wa kaskazini na sasa wakiteremka kuelekea baharini. Kila mmoja alikuwa ameshonewa tumboni kidude kinacholia, na kazi ya Nyaboke ilikuwa kuwafuatilia kwa mlio huo. Walifika kwenye bwawa la umeme, wakazungukazunguka ukutani wakitafuta upenyo, kisha kimya.

Mchana milio ikaanza tena, lakini hapa hapa Doha.

Samaki walipita barabarani, usawa wa kifua cha mtu, wakiogelea hewani taratibu kwa sababu ya joto. Madereva walipunguza mwendo. Mlinzi wa jengo, ambaye humdai kila mtu kadi, aliwafungulia mlango wale waliokosea njia.

Njenga, msimamizi wa Nyaboke, alichungulia dirishani.

“Si wamepita bwawa?”

“Wamepita, bosi, lakini si kwa mtoni.”

“Wamepita ni wamepita. Wafuate tu, uone kama watafika baharini.”

Nyaboke akachukua teksi. Samaki waliipa bahari mgongo, wakaenda mpaka Al Rayyan, wakapenya chini ya geti la kahawia la nyumba moja kubwa. Ndani kulisikika maji ya mpira na sauti ya mtu akiimba Kikisii.

Nyaboke aliijua sauti ile. Mdogo wake, Nyanchama, alikuja huku Doha kufanya kazi za nyumbani mwaka uliopita, na tangu Ramadhani simu yake haikuwa ikipatikana. Ajenti aliyemleta alisema tu yuko salama. Nyumba yenyewe alikataa kuitaja.

“Nyanchama?”

Maji yakakoma. “Dada? Ni wewe kweli?”

“Ni mimi. Fungua.”

“Ufunguo uko kwa madam. Hata simu. Hata pasipoti. Hawa samaki ni wako?”

“Ni wa ofisi.”

“Wana kiu, maskini. Ngoja niwamwagilie kwanza.”

Nyaboke akangoja. Kisha mkono ukatokeza chini ya geti, umelowa, umekonda. Akapiga magoti kwenye saruji ya moto, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

“Mama anaendelea aje?”

“Anakuulizia kila siku. Umekula?”

“Nitakula. Usiniachilie kwanza.”

Madam akatokea kwenye mlango mdogo wa pembeni, amebeba sinia ya tende. Alimkaribisha Nyaboke vizuri. Akaeleza kwamba geti hufungwa kwa usalama wa msichana mwenyewe, na kwamba mkataba ukiisha ataenda kwao. Aliomba samaki wasicheleweshwe, maana watoto walikuwa karibu kurudi kutoka shule. Akaingia, akafunga.

Jioni samaki wakatoka chini ya geti, mmoja mmoja, wakaenda zao baharini. Wote walifika. Njenga akaripoti kwamba bwawa halizuii kitu. Ajenti naye, alipopigiwa simu na Nyaboke, alicheka kwa upole: kama hata samaki wanaingia na kutoka, nani basi amefungiwa?

Siku hizi, kila Ijumaa, Nyaboke hutandika kadibodi nje ya lile geti. Nyanchama hulala chali upande wa ndani, kichwa kwenye upenyo, na dada yake humsuka kwa kuingiza vidole chini ya chuma. Hupiga gumzo la nyumbani: nani ameolewa, nani amejifungua, mvua imenyesha au bado. Samaki wengine wakija, Nyaboke huinua mikono kidogo wapite, kisha huendelea pale alipoachia.

Mara nyingi madam huita kabla Nyaboke hajamaliza kusuka. Nyanchama hujifunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa na zile ambazo bado, akaenda kupika.